Akikwambia ana mamlaka, muulize ya kufanya nini

Unakumbuka ile foleni ya KICC? Ilikuwa Julai 2023 kuingia Agosti. Vijana wa Nairobi walijipanga kwa maelfu ili watazame ndani ya kitufe kimoja cha mviringo kinachong'aa, kipige picha ya mboni za macho yao, kisha simu ilie. Malipo yalikuwa tokeni 25 za Worldcoin, ambazo siku hizo ukiziuza ulipata karibu Sh7,000. Mtaani utani ulikuwa mmoja tu: wasee wameuza macho kwa ngiri saba. Kodi ilikuwa imefika, unga ulikuwa bei ghali, na jicho bado unabaki nalo. Sasa hasara iko wapi?

Agosti 2 Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Kithure Kindiki, akasimamisha shughuli zote. Watu wakarudi nyumbani. Wengi tulidhani serikali ndiyo kwanza imeamka siku hiyo.

Haikuwa hivyo. Rekodi zilizofika kortini baadaye zilionyesha kwamba Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ile inayoitwa ODPC, ilikuwa imeiambia Tools for Humanity, kampuni iliyo nyuma ya Worldcoin, ikome kukusanya data hizo tangu Mei mwaka huo. Ni miezi miwili kabla ya foleni. Kampuni ikaendelea. Julai 24 ikafanya uzinduzi rasmi wa dunia nzima, na wewe ukaitwa na beshte yako ukajipange.

Hapo ndipo swali la leo linapoanzia. Kama afisi ya serikali ilisema "acheni" mwezi Mei, mbona hawakuacha? Na kama waziri alisema "acheni" Agosti na wakaacha, tofauti ya maneno hayo mawili ilikuwa gani?

Tofauti yake ina jina refu la kuchosha kwenye vitabu vya sheria: mamlaka ya utekelezaji. Usikimbie bado. Sheria sikusomea, chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili, lakini sheria zetu ziko kwenye tovuti ya Kenya Law na kuzisoma ni bure. Bando lako tu.

Sheria yoyote ina sehemu mbili. Ya kwanza inakwambia usifanye kitu fulani. Ya pili inasema ukifanya, nani atakufuata, atakufuata vipi, na atafika wapi. Hiyo ya pili ndiyo mamlaka ya utekelezaji. Bila hiyo, ya kwanza ni ushauri tu, kama ule wa mamako kuhusu kuvaa sweta.

Na mamlaka haya si kitu kimoja ambacho mtu anacho ama hana. Kuna mamlaka ya kuuliza maswali. Kuna ya kuingia mahali na kupekua. Kuna ya kuchukua mali, ya kuamuru kitu kisimame, ya kunyima leseni, ya kutoza faini, ya kumpeleka mtu kortini. Kila moja lazima iandikwe mahali. Mfikirie soja wa geti la ploti yenu. Anaweza kukuuliza unaenda kwa nani. Anaweza kukataa mgeni wako asiingie saa sita usiku. Lakini hawezi kupanda hadi nyumba yako, afungue friji, na aseme supu imekaa siku nyingi. Geti ni lake, friji si yake. Akileta kichwa ngumu unamwambia hivyo, na yeye mwenyewe anajua.

Sasa chukua ODPC uone sheria ya kweli inavyojengwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa nafasi ya kulalamika mtu akitumia picha yako, namba yako au habari zako bila ruhusa. Unaweza kulalamika kwa maandishi au kwa mdomo, na ukisema kwa mdomo ni jukumu lao kuyaandika. Kuanzia hapo Kamishna ana siku 90 kumaliza uchunguzi. Anaweza kumwita mtu ajieleze. Anaweza kudai stakabadhi. Akitaka kuingia kwenye afisi ya kampuni na kupekua, lazima kwanza apate kibali cha mahakama. Hebu rudia hapo. Huyu ni afisa wa serikali aliyeapishwa, na bado hawezi kubisha mlango wa kampuni na kuanza kufungua droo bila karatasi ya korti.

Akipata kwamba sheria imevunjwa, anatoa notisi ya utekelezaji. Hiyo ni barua inayosema: umekosea hapa, rekebisha hivi, na una muda huu, ambao hauwezi kuwa chini ya siku 21. Kuipuuza ni kosa la jinai, na adhabu yake inaweza kufika faini ya Sh5 milioni, kifungo cha miaka miwili, au vyote viwili. Kando na hiyo kuna notisi ya adhabu, yaani faini ambayo Kamishna anaitoa mwenyewe bila kungoja hakimu.

Kampuni ya simu ya Oppo iliyaona haya. Mtu alilalamika kwamba picha yake ilitumiwa kwenye Instagram ya kampuni bila idhini yake. Ikatolewa notisi ya utekelezaji. Haikufuatwa. Desemba 2022 ikaja faini ya Sh5 milioni. Kilicholeta faini si ile picha peke yake, ni kunyamazia ile notisi.

Septemba 2023 zikatoka faini tatu kwa mpigo. Klabu ya Casa Vera ilipigwa Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuja kujivinjari, bila kumuuliza. Roma School ikapigwa Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Na Mulla Pride, wenye apu za mkopo za KeCredit na Faircash, wakapigwa Sh2.975 milioni kwa kutumia namba za watu walizozipata kutoka kwa wengine, kisha kuwatumia jumbe na simu za vitisho. Kwa hivyo ukienda klabu Ijumaa na yule mpiga picha akuelekezee kamera, una haki ya kusema hapana. Watu wa klabu wanaijua hiyo haki kukuliko, ndiyo maana siku hizi wengine wanabandika notisi mlangoni.

Lakini kuna kitu kwenye sheria hii kinaniudhi. Kiwango cha juu cha faini ni Sh5 milioni, au asilimia moja ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo. Soma tena: ndogo. Kampuni inayoingiza Sh10 bilioni kwa mwaka, asilimia moja yake ni Sh100 milioni, lakini faini yake haiwezi kupita Sh5 milioni. Hiyo kwao ni bajeti ya chai. Umoja wa Ulaya nao una sheria ya aina hii iliyoanza kutumika 2018, na kwa makosa mazito inasema euro milioni 20 au asilimia nne ya mapato ya dunia nzima, ipi ni kubwa. Neno moja tu limebadilika na mbwa mwenye meno amekuwa mbwa wa picha. Nakubali kwamba "ndogo" inamlinda mwenye duka dogo. Mtu wa mauzo ya Sh10 milioni hatalipa zaidi ya laki moja. Sawa, lakini ingewezekana kumlinda yeye bila kumbeba na mnene mgongoni mwake.

Na usidhani hizo pesa zinakuja kwako. Faini ni ya serikali. Wewe uliyeumia unadai fidia, na hiyo ina kifungu chake tofauti kwenye sheria hiyo hiyo. Ukilalamika, itaje waziwazi kwamba unataka fidia. Wengi hawasemi.

Tuingie kwenye apu za mkopo, kwa sababu hapo wengi wetu tuna makovu. Kuna mwaka nilichelewa siku nne kulipa Sh1,500. Siku ya tano shangazi yangu wa kijijini akanipigia akiuliza nimeibia nani. Mtu asiyemjua alikuwa amempigia mara tatu asubuhi hiyo, akamwambia mpwa wake ni mkora. Shangazi hana simu janja. Namba yake waliitoa kwenye kitabu changu cha simu. Nikauliza jamaa mmoja anayejua mambo ya benki, mbona Benki Kuu haiwashiki hawa watu? Akacheka. Akaniambia Benki Kuu haina pa kuwashikia.

Alikuwa anasema ukweli. Wakati huo sheria iliipa Benki Kuu ya Kenya nguvu juu ya mabenki na taasisi zinazopokea akiba za wateja. Apu hazipokei akiba. Zinakopesha pesa zao wenyewe. Kwa hivyo gavana angeweza kuona kila kitu, kulalamika kwenye mkutano wa wanahabari, na asiweze kuifunga hata moja. Kile alichokuwa nacho ni kamba ndogo tu upande wa CRB, na Aprili 2020 akaivuta: akawatoa wakopeshaji wasiosimamiwa kwenye mfumo wa kupeleka majina ya watu CRB, na akazuia watu kuorodheshwa kwa deni lililo chini ya Sh1,000. Ilibidi Bunge libadilishe sheria, na mabadiliko hayo yakaanza kazi Desemba 2021. Machi 2022 zikaja kanuni za wakopeshaji wa kidijitali: bila leseni hukopeshi, na ukiwa na leseni huruhusiwi kutisha, kutukana, wala kupigia watu walio kwenye kitabu cha simu cha mdeni ili kumwaibisha. Nguvu ya leseni ni kubwa kuliko inavyoonekana. Faini unalipa na unaendelea. Leseni ikienda, biashara imeenda nayo.

Kwa hivyo kuna afisi inayoweza kuona dhuluma yako vizuri kabisa, ikakuhurumia, na isiwe na neno hata moja la sheria la kuifanyia. Ukiipelekea malalamiko mwaka mzima unapoteza mwaka. Jambo la kwanza ni kujua nani ana kamba ipi.

Jambo la pili ni kwamba kamba hiyo inamfunga pia anayeivuta. Zile siku 90 za ODPC si mapambo. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ilifuta uamuzi wa afisi hiyo kwa sababu ulitolewa baada ya siku 90 kwisha. Korti ilisema muda ukishapita, mamlaka ya kuamua lalamiko hilo yamepita nayo. Fikiria uchungu wa aliyelalamika. Aliyechelewa ni afisi, aliyeumia ni yeye. Hata hivyo, mimi nitakubaliana na korti. Afisa anayeruhusiwa kuvunja saa yake kwa ajili yako leo, kesho ataivunja dhidi yako. Aliyepigwa faini naye ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Na Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema uamuzi wowote wa kiutawala uwe wa haraka, wa haki na wa kisheria, na kama unaathiri haki zako, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi, si "enda tutakuita".

Worldcoin nayo iliishia wapi? Polisi wa DCI walichunguza, kisha Juni 2024 faili ikafungwa. Wale wa kampuni wakadhani wamepona. Lakini Katiba Institute walikuwa wameenda kortini, na Mei 5, 2025 Jaji Roselyne Aburili akaamua kwamba data hizo zilikusanywa kinyume cha sheria: hakukuwa na tathmini ya madhara kabla ya kuanza, na idhini iliyonunuliwa kwa tokeni haikuwa idhini halali. Akaamuru zifutwe kabisa ndani ya siku saba, ODPC ikisimamia. Kutoka ile barua ya Mei 2023 hadi Mei 2025 ni miaka miwili. Barua ilikuwa na sheria upande wake tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni mtu kuipandisha ngazi, notisi, faini, korti, hadi ifike mahali ambapo kupuuza kunauma.

Sasa turudi mtaani, kwa sababu ukiuliza kijana wa Nairobi mamlaka ni nini hatakutajia Kamishna yeyote. Atakutajia kanjo.

Wewe unauza smokie, au mitumba kwenye shiti la plastiki kando ya barabara. Pickup inasimama, wanaruka wanne, bidhaa zinatupwa nyuma. Mmoja anakunong'onezea, "toa soo mbili tumalizane." Kuna mambo mawili tofauti hapo na ni vizuri usiyachanganye. Kaunti ina mamlaka ya kweli. Katiba imeipa kazi ya kusimamia masoko, leseni za biashara na usafi, na bunge la kaunti linaweza kutunga sheria kuhusu mahali pa kuuzia. Ukiuza mahali palipokatazwa, kukamatwa kwako kunaweza kuwa halali kabisa. Sitakudanganya kwamba kila kanjo ni mwizi.

Lakini hiyo soo mbili haina mahali imeandikwa. Kifungu cha 210 kinasema hakuna ushuru wala ada ya leseni inayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa. Kifungu cha 207 kinasema pesa zote ambazo kaunti inapokea ziingie kwenye hazina ya kaunti. Mfuko wa koti la kanjo si hazina ya kaunti. Na akiamua kukukamata, Kifungu cha 49 kinasema uelezwe sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya korti kama saa hizo zimeishia wikendi. Kuzungushwa kwenye pickup kutoka Muthurwa hadi Ngara mpaka ukubali kulipa si kukamatwa kokote kulikoandikwa.

Najua unachofikiria. Ukianza kumsomea kanjo Kifungu cha 210 pale barabarani, unapandishwa gari na pengine kofi juu. Ndiyo. Kwa hivyo usimsomee pale. Pale, weka kichwani au kwenye simu vitu vichache: saa, mahali, namba ya gari, kama walivaa sare na jina lilikuwepo, walichukua nini hasa na vipande vingapi, na kama walikuachia karatasi yoyote. Kama umetuma pesa kwa M-Pesa, ule ujumbe ni dhahabu, usiufute, una jina na namba.

Kisha ujue pa kupeleka, maana hapa watu hupotea. Wengi hukimbilia IPOA. IPOA inasimamia polisi, na kanjo si polisi. Kama kulikuwa na karao kwenye ile operesheni, IPOA wanaweza kumwandama huyo, lakini si hao wengine. Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman, inapokea malalamiko dhidi ya maafisa wa umma, wa kaunti wakiwemo, na barua yao huwatetemesha wakubwa wa afisi, ila kwa sehemu kubwa wanachotoa ni mapendekezo. Ile soo mbili ni hongo, na hongo ni ya EACC. Wao wana nguvu ya kuchunguza. Kushtaki hawawezi, wanapeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye ndiye anaamua kama kuna kesi.

Na ukienda ukiwa mmoja na lalamiko la Sh200, faili yako itakaa chini ya zingine, huo ndio ukweli wa afisi zetu. Wakienda wauzaji kumi na watano wa laini moja, kila mmoja na tarehe zake, jumbe zake za M-Pesa na namba ya pickup ile ile, hilo tayari ni faili ya kuchunguzwa. Anzeni kwa daftari moja la karatasi 48, likae kwa yule mama wa chai ambaye hupita kila siku.